Imepikwa na Nani? Mwongozo wa Kusoma Chupa ya Saida

Basi la asubuhi kutoka Dublin kwenda Belfast husafiri kama kilomita 165, na mpakani hakuna kizuizi wala askari wa kugonga muhuri. Abiria anaweza kusinzia akaamka yuko nchi nyingine bila habari. Habari ataipata jioni, akiwa mnywaji wa saida, pale atakapoketi baa ya Belfast na kuagiza Bulmers aliyoizoea Dublin. Ataletewa Bulmers, naam, lakini itakuwa imetoka Hereford, Uingereza, na akionja tu atang'amua kwamba siyo ile yake. Ile yake imo kwenye friji hiyohiyo, imeandikwa Magners.

Kinywaji ni kilekile, kiwanda ni kilekile cha Clonmel katika jimbo la Tipperary. Jina ndilo lililobaki mpakani.

Saida, yaani juisi ya tufaha iliyochachushwa hadi ikawa kileo, sasa imezoeleka kwenye baa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam (akina Saida wa mitaani hawakuulizwa kama wanaridhia kuchangia jina). Lakini wengi huinunua kwa rangi ya lebo na kwa matangazo. Mtu wa Marangu akikaribishwa mbege, pombe ya ndizi, hafanyi hivyo. Huuliza kwanza imepikwa na nani, kwa sababu anajua kibuyu hakisemi lolote na mpishi ndiye dhamana. Mnunuzi wa saida ana haki ya kuuliza swali hilohilo, na mara nyingi jibu limeandikwa kwenye chupa, ila kwa herufi ndogo na upande wa nyuma.

Kwanza kisa cha Clonmel, maana ukikielewa hicho mengine yote yatakuwa mepesi. Percy Bulmer, mtoto wa kasisi, alianza biashara ya kukamua matufaha Hereford mwaka 1887. Mwaka 1935 William Magner naye akaanzisha ya kwake Clonmel, Ireland. Miaka miwili baadaye Waingereza wa Bulmer wakanunua nusu ya biashara ya Magner, na mwaka 1946 wakachukua nusu iliyobaki. Kiwanda kikapewa jina la wanunuzi. Kisha hisa zikauzwa tena, kiwanda kikarudi kwa wenyeji, lakini jina halikurudi lilikotoka. Leo kiwanda ni mali ya kampuni ya C&C, ambayo inaruhusiwa kutumia jina la Bulmers ndani ya Jamhuri ya Ireland peke yake. Ilipoanza kuuza saida yake nje mwaka 1999 ililazimika kutafuta jina lingine, na jina lililokuwa karibu ni la mzee mwenyewe: Magner.

Wale wa Hereford nao hawakutulia. Mwaka 2003 kampuni ya familia ya Bulmer ilinunuliwa na Scottish & Newcastle, na mwaka 2008 Scottish & Newcastle yenyewe ikagawanywa kati ya Carlsberg na Heineken. Sehemu ya Uingereza ikaenda kwa Heineken. Hivyo ndivyo jina la mtoto wa kasisi lilivyopata wamiliki wawili wasiohusiana, mmoja Mholanzi na mmoja wa Ireland, wanaotenganishwa na mstari wa ramani.

Kichekesho ni kwamba waliogawana jina waliishia kuigana. Magners iliwazoesha Waingereza kumimina saida kwenye glasi iliyojaa barafu, na kiangazi cha mwaka 2006 ilikuwa gumzo la baa zao. Haukupita muda, Bulmers ya Hereford nayo ikawa mezani kwenye chupa kubwa, na barafu pembeni. Mgeni anayeziona mbili hizo zimepangwa pamoja hana kosa akidhani ni ndugu.

Kwa hiyo shika hili: Bulmers iliyonunuliwa ndani ya Jamhuri ya Ireland ni ya Clonmel. Bulmers iliyonunuliwa kwingineko ni ya Heineken. Magners ni ya Clonmel popote uionapo.

Sababu ya yote haya ni kwamba alama ya biashara haina paspoti. Husajiliwa nchi kwa nchi, na kila nchi ina daftari lake. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda Ireland kuliona hilo. Nembo iliyosajiliwa BRELA hulindwa Tanzania Bara, na mwenye nembo akitaka ilindwe Unguja na Pemba hana budi kuisajili upya kwa msajili wa Zanzibar. Nchi moja, bendera moja, madaftari mawili. Kenya ina KIPI, Uganda ina ofisi yake, na kadhalika. Mtu akiwahi kusajili jina sehemu moja, au akiuziwa jina kwa eneo fulani tu, dunia inapata bidhaa mbili zenye jina moja bila yeyote kuvunja sheria.

Kuna njia ya pili pia, ambayo wanywaji wa bia wa Arusha na Moshi waliiishi. Mwaka 2002 kampuni ya East African Breweries na SABMiller zilimaliza vita vyao kwa makubaliano: Wakenya wakafunga kiwanda chao cha Moshi, SABMiller ikafunga chake cha Thika, na kila mmoja akakubali kumpikia mwenzake. Kwa miaka kadhaa Tusker iliyonywewa Tanzania ilipikwa na TBL, kampuni ya SABMiller nchini humo, na Castle iliyonywewa Kenya ikapikwa na Kenya Breweries. Tembo ni yuleyule kwenye lebo, mpishi ni mshindani wake. Mpango huo ulikufa, na mwaka 2010 East African Breweries ikanunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries ili iwe na jiko lake yenyewe nchini. Kupikiana kwa namna ile kunaitwa kutengeneza kwa leseni, na kwenye saida kumejaa tele.

Sasa geuza chupa. Tafuta maneno manne, maana kila moja lina uzito wake. Likiandikwa “imetengenezwa na”, basi hapo ndipo jikoni. Likiandikwa “imetengenezwa kwa ajili ya”, ujue mwenye jina na mwenye jiko ni wawili, na mwenye jiko huenda hakutajwa kabisa. “Kwa leseni ya” maana yake jina limekodishwa. Na “imeingizwa na” humtaja mfanyabiashara wa mwisho tu, yule aliyelipa ushuru bandarini. Huyo wa mwisho ndiye wa kumrudia chupa ikiwa na kasoro, lakini usimsifu wala kumlaumu kwa ladha.

Watu wengi huamini kwamba tarakimu za mwanzo za msimbopau hutaja nchi iliyotengeneza bidhaa. Wanakosea. Tarakimu 616 ni za Kenya, 620 za Tanzania, 600 na 601 za Afrika Kusini, 539 za Ireland, 50 za Uingereza, 87 za Uholanzi, lakini zinachoonyesha ni nchi ambayo kampuni ilisajiliwa kupewa namba. Kampuni ya Uholanzi inaweza kutengenezewa saida Ubelgiji ikabandika namba ya Uholanzi bila kumdanganya mtu. Tumia msimbopau kama fununu, usiutumie kama ushahidi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa Afrika Mashariki ni stempu ya kodi. Kenya, KRA ina programu ya simu iitwayo Soma Label. Tanzania, TRA ina Hakiki Stempu. Elekeza kamera kwenye stempu, nayo itakueleza kama ni halali na bidhaa imepitia mikono ya nani. Mwenye duka anayenunua kreti kumi kutoka kwa mtu aliyekuja na pikapu jioni ana sababu kubwa zaidi ya mnywaji za kuifanya kazi hiyo.

Baada ya hapo, majina yenyewe. Anza na Strongbow, kwa kuwa ndiyo inayosafiri kuliko zote. Ilizaliwa Hereford kwa Bulmer miaka ya 1960, ikaitwa kwa lakabu ya Richard de Clare, mtemi wa Kinormani aliyeivamia Ireland mwaka 1170. (Kuwauzia watu wa Ireland kinywaji chenye jina la mvamizi wao kulihitaji ujasiri fulani.) Uingereza ni ya Heineken kupitia Bulmer. Australia hadithi ilikuwa nyingine kwa miaka mingi: huko Strongbow ilikuwa mikononi mwa Carlton & United, wapishi wa bia ya Victoria Bitter, na mtalii kutoka London aliyeagiza jina la nyumbani alipewa kinywaji cha kampuni isiyo na uhusiano wowote na Heineken. Mwaka 2020 kampuni ya Asahi ya Japani iliinunua Carlton & United. Asahi tayari ilikuwa ikiuza huko Somersby, saida ya Carlsberg ya Denmark. Mamlaka ya ushindani ya Australia iliona saida karibu zote zinaingia kapu moja, ikaamuru baadhi ziuzwe. Aliyenunua Strongbow ni Heineken. Jina likarudi kwa mwenyewe kwa mzunguko wa Tokyo.

Marekani nako Strongbow ilikuwa ikisambazwa na Vermont Hard Cider, watengenezaji wa Woodchuck. Mwaka 2012 C&C, wale wa Clonmel, wakainunua kampuni hiyo ya Vermont kwa zaidi ya dola milioni 300. Heineken haikuona sababu ya kumwachia mshindani auze bidhaa yake, ikaichukua kazi hiyo yenyewe. Miaka miwili baadaye ikaleta Strongbow zilizotengenezwa kwa ulimi wa Kimarekani, tamu zaidi kuliko ile kavu ya Uingereza, na wanywaji wa zamani wakalalamika sana. Hapo pana funzo la kununua: hata mmiliki akiwa mmoja, mapishi hubadilika kufuata nchi. Anayetafuta ladha fulani asome kama imeandikwa kavu au tamu, asitegemee jina.

Afrika Kusini ndiko linakotoka jina ambalo msomaji wa ukanda huu analijua zaidi, yaani Savanna, ile ya kipande cha limau shingoni mwa chupa. Ilianza kuuzwa mwaka 1996, miaka minane baada ya dada yake mkubwa, Hunter's. Zote mbili zilitoka Stellenbosch, zikawa mali ya kampuni ya Distell, na kwa miaka mingi mshindani wao kutoka nje alikuwa Strongbow ya Heineken. Mwezi Aprili mwaka 2023 Heineken ilikamilisha ununuzi wa Distell. Wasimamizi wa ushindani wa Afrika Kusini walikubali, lakini kwa sharti kwamba Heineken iachane na biashara ya Strongbow nchini humo. Kwa hiyo kampuni iliyoihangaikia Strongbow hadi Australia ililazimika kuiachia Afrika Kusini. Ukiikuta Strongbow Johannesburg, usidhani mwenyewe ni yule wa London.

Kenya imeingia katika mkumbo huo kwa mlango wa KWAL, kampuni ya mvinyo iliyoanzishwa na serikali mwaka 1969. Distell ilinunua hisa zake za kwanza mwaka 2014, na mwaka 2017 ikawa na zaidi ya nusu. Distell ilipomezwa, KWAL nayo ikaingia tumboni. Hapo ndipo mnunuzi wa Nairobi anapotakiwa kufungua macho. KWAL inauza Hunter's, ambayo ni saida, na inauza Hunter's Choice, ambayo ni wiski. Mtu akimtuma kijana dukani kwa maneno “niletee Hunter's”, na kijana naye akaleta ya kwanza aliyoiona, jioni ya mtu huyo itakuwa tofauti sana na alivyoipanga.

Vilevile kuna mdiria. KWAL kwa miaka mingi imeuza kinywaji cha matunda kiitwacho Kingfisher, jina la Kiingereza la ndege huyo, na mgeni kutoka Mumbai akiliona jina hilo kwenye rafu ya duka la Mombasa hufurahi akidhani amepata bia ya kwao. Bia ya Kingfisher ni ya United Breweries ya Bengaluru na haina uhusiano wa kuzaliwa na ile ya Kenya. Ila sasa zina uhusiano wa ndoa: Heineken iliishika United Breweries mwaka 2021, na KWAL ikaifuata mwaka 2023. Mdiria wawili wasiojuana wamejikuta kwenye kiota kimoja.

Upande wa East African Breweries hakuna fumbo kubwa. Mwaka 2017 walitoa saida yenye jina la Tusker, na kabla ya hapo walikuwa na Snapp, kileo chenye ladha ya tufaha. Jambo la kuangalia ni moja tu: tembo aliyezoeleka kwenye bia amehamia kwenye matufaha, kwa hiyo taja neno zima unapoagiza.

Redd's ndiyo inayostahili kukaliwa kitako.

Mtanzania anaijua Redd's kwa sababu mbili, friji na urembo. TBL huipika, na kati ya mwaka 2012 na 2014 mashindano ya urembo ya taifa yalibeba jina lake, Redd's Miss Tanzania. Asili yake ni Afrika Kusini, kwa SAB, kampuni iliyokua hadi kuwa SABMiller na kuieneza Redd's hadi Poland na Marekani. Oktoba mwaka 2016 AB InBev iliinunua SABMiller kwa zaidi ya dola bilioni 100, ununuzi uliotisha hata wasimamizi wa masoko waliozoea makubwa. Wakubwa wa Marekani na Ulaya wakaidhinisha kwa masharti ya kukatakata. Biashara ya Marekani ikaenda kwa Molson Coors. Viwanda vya Poland na majirani zake vikauzwa kwa Asahi mwaka 2017. Afrika ikabaki kwa AB InBev.

Hesabu sasa. Redd's ya Dar es Salaam ni ya AB InBev, jamaa wa Ubelgiji, Redd's ya Chicago ni ya Molson Coors, Redd's ya Warsaw ni ya Wajapani. Jina moja, mabwana watatu, na hakuna anayewajibika kwa mapishi ya mwenzake.

Tena swali gumu zaidi ni kama Redd's ni saida hata kidogo. Ya Poland ni bia iliyotiwa ladha. Ya Marekani ilipoingia sokoni ilijiita bia ya tufaha waziwazi. Baa nyingi huipanga pamoja na Savanna kwa sababu wanaoipenda ni walewale, na mhudumu hana muda wa kufafanua. Anayetaka kujua asome orodha ya viambato. Saida huanza na juisi ya tufaha. Kikianza na kimea cha shayiri, hicho ni kizazi cha bia hata kikinukia tufaha namna gani. Kwa wengi tofauti hiyo ni ya mazungumzo tu. Kwa mtu ambaye mwili wake haupatani na gluteni iliyomo kwenye shayiri na ngano, ni suala la kulala salama au kulala hospitali.

Na juisi yenyewe ni kiasi gani? Hapa ndipo mnunuzi anapoweza kushtuka. Uingereza, taifa linalojivuna kwa saida kuliko yote, sheria ya kodi tangu mwaka 2010 inadai juisi isiyopungua asilimia 35. Zaidi ya nusu ya kilichomo inaweza kuwa maji na sukari, na bado ikaitwa saida bila kosa. Marekani, ili kinywaji kitozwe kodi ya saida, zaidi ya nusu yake iwe juisi. Wafaransa wa Normandie na Bretagne huona aibu kwa hesabu hizo: chupa zao za juisi tupu huandikwa hivyo kwa fahari, na huja za aina mbili kuu, tamu isiyozidi kileo cha asilimia 3, na kavu iliyo kali zaidi. Kwa mtu anayetaka kinywaji chepesi cha chakula cha mchana, ile tamu ya Kifaransa ni chaguo zuri kuliko nyingi zinazotangazwa kwa neno “nyepesi”.

Wasweden wamekwenda njia yao. Kopparberg, kutoka mji wa jina hilohilo, na Rekorderlig, inayotengenezwa na kiwanda cha Åbro mjini Vimmerby, zimejengwa juu ya stroberi, ndimu, pea na matunda ya msituni. Ni tamu, zinauzika, na vijana wanazipenda. Ila kwa mtoza kodi wa Uingereza, saida ikishatiwa ladha ya stroberi haihesabiwi tena kuwa saida, hulipa kodi ya kundi jingine. Lebo haimwambii mnywaji neno hilo.

Majina ya Kifaransa nayo yasikubabaishe. Stella Artois Cidre, iliyozinduliwa Uingereza mwaka 2011 kwa matangazo yaliyoringa na tahajia yake, ni ya AB InBev, na chupa zilizouzwa Marekani zilitengenezwa Baldwinsville, jimbo la New York. Angry Orchard, saida maarufu ya Marekani, ni ya Boston Beer, wenye bustani ya matufaha Walden, New York, na kiwanda kikubwa Cincinnati, Ohio. Na mwaka 2016 C&C ilitangaza kufunga kiwanda cha Shepton Mallet, katikati ya Somerset, na kuhamishia kazi Clonmel. Saida za Kiingereza zenye majina ya Kiingereza, jikoni Ireland. Mzunguko ulioanza mwaka 1937 ulikuwa umegeuka.

Kwa anayetaka jina na jiko vikae chini ya paa moja, majina ya namna hiyo bado yapo. Westons wamo Much Marcle, Herefordshire, tangu mwaka 1880. Thatchers wamo Sandford, Somerset, tangu mwaka 1904. Nyumba zote mbili bado ni za familia. Aspall wa Suffolk, walioanza mwaka 1728, walistahimili karibu miaka 290 kabla ya kununuliwa na Molson Coors mwaka 2018, kwa hiyo mwaka mkongwe uliochapishwa kwenye lebo usiuchukulie kuwa hati ya umiliki. Huko Asturias, kaskazini mwa Hispania, mhudumu huinua chupa juu ya kichwa na kumimina kidogo kidogo kwenye glasi iliyo usawa wa paja, na utamaduni wao wa saida ulitambuliwa na UNESCO Desemba mwaka 2024. Ukifika huko, kunywa glasi ikiwa bado ina povu. Wenyeji wataona kama unaijua au hujui.

Yamebaki ya wasiokunywa kileo, nao wanahitaji mwongozo huu pengine kuliko wanywaji. Neno lenyewe ni mtego. Uswahilini ukitaja saida watu wanaelewa kileo. Marekani ukitaja neno hilo tupu, hasa msimu wa mavuno, utaletewa juisi ya tufaha isiyochujwa, ambayo watoto huinywa mashambani ikiwa ya moto. Yenye kileo huko huongezewa neno “kali” mbele yake. Mswahili wa Minneapolis aliyealikwa na jirani kunywa saida asikatae haraka, aulize kwanza. Akiwa London afanye kinyume: akatae kwanza, aulize baadaye.

Appletiser, ya chupa ya kijani, imewatatiza wengi kwenye karamu kwa sababu humiminwa kwenye glasi ndefu na kutoa povu kama kileo. Hiyo ni juisi ya tufaha yenye gesi na haina kileo. Ilianzishwa bonde la Elgin, Afrika Kusini, mwaka 1966, na sasa ni ya Coca-Cola. Elgin ndiko pia yanakotoka matufaha ya Savanna. Bonde moja, vinywaji viwili: kimoja cha harusi ya Waislamu wa Cape Town na kingine cha baa ya mtaa wa pili.

Mashariki ya mbali neno limehama kabisa. Japani, Mitsuya Cider, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1884, ni soda nyeupe yenye gesi, na anayeitengeneza leo ni Asahi, yuleyule mwenye Redd's ya Poland na aliyelazimishwa kuachia Strongbow ya Australia. Korea Kusini wana Chilsung Cider ya Lotte, iliyoanza mwaka 1950, yenye ladha ya limau na ndimu. Hakuna tufaha ndani yake wala tone la kileo. Kwa hiyo ukiwa Seoul na mtoto wako akakuvuta mkono akilia anataka saida, mnunulie.